Pumzi iliyonituliza sasa inavuruga nyumba yangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43, naishi Tanga na mume wangu na watoto wetu watatu. Nakuandikia saa tano usiku, wote wamelala. Naomba usitaje jina langu, mji wetu ni mdogo na wifi yangu ni msomaji wako.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu wa kiume alifariki kwa ajali ya bodaboda. Alikuwa ananiletea simu yangu niliyoisahau kwa mama. Baada ya arubaini nikaanza kuamshwa usiku na kitu nisichokijua. Moyo unakwenda mbio hadi nausikia masikioni, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, midomo inachonyota, na ninakuwa na hakika kwamba roho inatoka. Mara tatu mume wangu alinikimbiza hospitali kwa bajaji usiku wa manane. Moyo ukapimwa, ukaonekana mzima. Kilichopatikana ni presha tu, 158/98, nikaandikiwa amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Presha ikaanza kushuka, lakini ile hali ya usiku ikabaki palepale.

Mwaka jana mama alihitaji kubadilishwa vali ya moyo. Tukachangishana ukoo mzima, nikamsindikiza Chennai, India, tukakaa wiki sita. Katika nyumba ya wageni tuliyopanga, chumba cha pili alikuwepo bibi mmoja, muuguzi mstaafu, anamuuguza mumewe. Usiku mmoja alinikuta nimekaa kwenye ngazi natweta. Hakuuliza sana. Alikaa kando yangu akaniashiria nifunge mdomo, nivute hewa kwa pua taratibu, niiachie taratibu zaidi. Tukafanya hivyo mpaka nikatulia.

Tangu siku hiyo kila alfajiri tulipanda juu darini pamoja. Alinifundisha kuketi wima, kuziba tundu moja la pua na kuvutia jingine kisha kubadilisha, na kuvuma kama nyuki mdomo ukiwa umefungwa. Hakunitajia mungu yeyote wala kuniambia nitamke neno lolote. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu msiba.

Niliporudi nikaendelea. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri naingia stoo, naketi juu ya gunia la mchele, robo saa. Hali ile ya usiku ikapungua kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja kwa mwezi. Zahanati wakanipima, 126/80. Nilifurahi hadi machozi. Nikajiambia kama pumzi inafanya haya, kidonge cha nini? Sasa ni wiki ya tatu sijameza. Hakuna anayejua.

Kosa langu ni kutaka zaidi. Nikaanza kufuata video za mwalimu mmoja kwenye simu. Yeye anafundisha pumzi ya haraka, unapiga tumbo ndani kwa nguvu mara nyingi mfululizo, halafu unazuia hewa kadiri uwezavyo. Huanza kwa kutamka "Om", neno la ibada ya Kihindu, mimi hapo nazima sauti. Jumamosi iliyopita nilifanya mizunguko mitatu. Vidole vikajikunja vyenyewe kama makucha, nikaona giza, nikaanguka nikajigonga kwenye debe. Binti yangu akaja mbio, akampigia shangazi yake.

Wifi alipofika akaikuta video bado inaendelea. Akasema ndiyo maana nimeanguka, nimejifungulia mlango wa majini ya Kihindi, na kwamba naabudu nikijidai nafanya mazoezi. Mume wangu hajapiga kelele, na hilo ndilo linaloniumiza. Amesema tu, "Mambo hayo sitaki kuyaona tena ndani ya nyumba hii," na kwamba Ijumaa atamleta shehe anisomee.

Nimeacha kwa siku tano. Jana usiku ile hali imerudi.

Mama, mimi naswali swala tano, sitaki kumshirikisha Mungu na kitu. Lakini pia sitaki kurudi kule nilikotoka. Je, nifanye kwa siri? Ni kweli ni ibada ya watu wengine? Na kama inaponya, mbona imeniangusha?

Mwalimu wa Tanga

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliharakia kwenye swali la shirki nikapita juu ya mambo ambayo huenda yana uzito kulishinda. Pole kwa mdogo wako. Pole na kwa huo usiku wa jana.

Nikikuelewa sawasawa, umepata kitu kilichokurudishia usingizi baada ya msiba, kitu hicho kina asili katika dini isiyo yako, kimekuangusha mbele ya mwanao, na sasa watu unaowapenda wanataka ukiache. Katikati ya hayo umeacha dawa bila mtu kujua. Wewe umeyaandika kama fundo moja. Mimi nayaona kama kamba kadhaa zilizosokotana, na ningependa tuzitenganishe, maana nyingine zinaweza kungoja na moja haiwezi.

Isiyoweza kungoja ni kidonge.

Ulipimwa 126/80 ukafurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hebu rudi kwenye siku ile. Ulikuwa bado unameza amlodipine kila siku, sivyo? Ulikuwa umeanza kulala. Mama yako alikuwa amefanyiwa upasuaji na amerudi salama. Nani kati ya hao watatu aliishusha presha, na nani alisaidia tu? Hatujui, wewe na mimi. Ninachojua ni kwamba kupumua polepole kila siku, pale kulipopimwa, hushusha presha kwa kiasi, kwa kawaida alama chache. Kwako wewe uliyeanzia 158, alama chache ni msaada wa kweli, ila si za kuziachia kazi yote peke yake. Na presha haina adabu ya kubisha hodi. Mtu hutembea nayo ikiwa juu, anafundisha darasa zima, anapika, anacheka, hadi siku mshipa wa kichwani unapopasuka au kuziba.

Kwa hiyo ningekuomba wiki hii, kabla hata ya Ijumaa ya shehe, uende zahanati ukapimwe na uwaambie ukweli kwamba umeacha dawa wiki tatu. Usiogope kugombezwa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nakuhakikishia mgonjwa anayesema ukweli ndiye anayesaidika. Usijirudishie dozi kwa kubahatisha, wala usimeze vidonge viwili kufidia siku ulizoruka. Wao watakuambia uanze vipi. Ukiweza kuazima kipimo cha nyumbani, pima asubuhi na jioni kwa siku saba, baada ya kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea na mkono uko mezani usawa wa moyo, uandike kila namba kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalozungumza na daktari kuhusu kupunguza dawa, kama kupunguza kunawezekana. Wapo ambao daktari huwapunguzia. Lakini kabla ya hapo, ukipata maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, kifua kuuma, macho kuona ukungu, au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo usikae kuvuta pumzi. Nenda hospitali saa ileile.

Sasa tuje stoo. Uliniuliza mbona kinachoponya kimekuangusha. Naomba uniruhusu nilipinge kidogo swali lenyewe, kwa sababu naona kilichokutuliza na kilichokuangusha ni vitu viwili vilivyovaa jina moja.

Jina hilo ni pranayama, yaani mazoezi ya pumzi katika yoga. Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye maana ya kuirefusha au kuitawala pumzi ya uhai. Ndani yake mna aina nyingi. Zipo za polepole, kama alizokufundisha yule bibi wa Chennai. Zipo za nguvu na haraka, kama ile ya kupiga tumbo inayoitwa kapalabhati. Kuziweka kapu moja ni sawa na kusema kutembea na kuruka kutoka juu ya mnazi vyote ni mazoezi ya miguu.

Ukipumua haraka na kwa nguvu kupita mahitaji ya mwili, hupati oksijeni ya ziada ya maana, damu yako ilikuwa tayari imeshiba. Unachofanya ni kuitoa hewa ukaa kupita kiasi. Tumezoea kuiona hewa ukaa kama taka, lakini mwili unaihitaji kwa kipimo chake. Ikipungua sana, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, ndiyo maana ukaona giza. Damu hubadilika, madini ya kalsiamu yanayotumiwa na neva hupungua kwa muda, na hapo midomo huchonyota, vidole hufa ganzi na kujikunja. Ongeza kuzuia pumzi juu ya hayo, kwa mtu mwenye presha aliyeacha dawa, alfajiri, tumbo tupu, na sishangai kwamba ulianguka. Namshukuru Mungu lilikuwa debe tu.

Lakini soma tena barua yako. Vidole kufa ganzi. Midomo kuchonyota. Kifua kubana. Ndiyo maneno uliyoyatumia kuelezea zile usiku zako baada ya arubaini. Mtu anapopatwa na shambulio la hofu, mara nyingi huwa anapumua haraka kupita kiasi bila kujua, anadhani anakosa hewa kumbe anaimaliza hewa ukaa, na kadiri anavyohangaika kuvuta ndivyo hali inavyozidi. Yule bibi aliona hilo pale kwenye ngazi. Alikufunga mdomo na kukurefushia utoaji. Mwalimu wa kwenye simu, bila kukujua, alikurudisha kulekule ulikokuwa ukikimbia, kwa hiari yako, mizunguko mitatu.

Hata wenyewe wanaoyajua mambo haya waliliona zamani. Kimoja katika vitabu vyao, cha karne ya 15, kinaonya kwamba pumzi hufugwa kama simba, tembo na chui milia wanavyofugwa, kidogo kidogo, la sivyo humuua mfugaji. Waalimu wazuri wa leo huwazuia na pumzi za haraka na za kuzuia hewa watu wenye presha ya juu, wajawazito, wenye kifafa, wenye ugonjwa wa moyo, wenye ngiri na waliotoka kwenye upasuaji karibuni. Video haiwezi kukuuliza kama una presha. Mtu aliyeketi mbele yako angekuuliza.

Kwa nini basi ile ya polepole ilikufaa? Jaribu jambo dogo. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono wako, vuta hewa kwa pua, kisha iachie taratibu. Watu wengi husikia mapigo yakiongeza mwendo kidogo wanapovuta, yakipunguza wanapoachia. Kuna neva ndefu, vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usikimbie. Unapotoa hewa ndipo inapopata nafasi ya kufanya kazi yake. Ukirefusha kutoa, unairefushia nafasi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi karibu mara 6, yaani kuvuta kwa kuhesabu hadi nne na kuachia kwa kuhesabu hadi sita, moyo, presha na pumzi huanza kwenda kwa mwendo mmoja. Na ule mvumo wa nyuki si mchezo wa watoto. Watafiti wa Sweden waliandika mwaka 2002 kwamba mtu anapovuma, gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani huongezeka takribani mara 15 kuliko anapotoa hewa kimya. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu. Sikuambii kuwa ndiyo iliyokuponya, nakuambia tu kwamba kuna kinachotokea.

Sisi wenyewe tulikuwa na fununu. Angalia lugha yetu: pumua, pumzi, pumzika. Anayepumzika ni kama aliyepewa nafasi ya kupumua. Mkunga aliyekuzalisha alikuambia nini? Shusha pumzi, mama.

Haya, swali la dini. Mimi si mwanazuoni, na hapa sitakuamulia. Ila nisingependa umdharau wifi yako kwamba hajui anachosema, kwa sababu ana chembe ya ukweli mkononi. Yoga imetoka katika dini na falsafa za India. Katika mpangilio wa kale wenye hatua nane, unaohusishwa na Patanjali, mwanafalsafa wa India, pranayama ni ya nne, na mwisho wa safari hiyo si kushusha presha, ni hali ya kiroho. Atakayekuambia haina uhusiano wowote na dini atakuwa anarahisisha.

Lakini na wewe uliyesema hukutajiwa mungu yeyote kule darini, una chembe yako. Na Waislamu wenyewe hawajalisema kwa sauti moja. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, likitaja mchanganyiko wa mazoezi, mambo ya ibada na matamko. Mwaka uliofuata wanazuoni wa Indonesia wakakataza ile yenye ibada na matamko ya Kihindu, wakaruhusu iliyo mazoezi matupu. Mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua yoga kama shughuli ya michezo. Nchi tatu, na ukitazama kwa makini, kinachowagawa ni kilichoambatana na pumzi: neno, nia, mahali. Wasomaji wangu Wakristo huniletea swali hilihili, na nao makanisa yao hayajibu sawa.

Kwa hiyo jiulize mwenyewe kwa utulivu: alfajiri ile juu ya gunia la mchele, moyo wako ulikuwa unamwelekea nani? Na lile "Om" ulilolizimia sauti, lilikusumbua kwa sababu gani? Huenda dhamiri yako ilikwisha kuonyesha mpaka ulipo, kabla ya wifi kufika. Hukuukimbia utaratibu wa bibi. Ulilikimbia neno.

Kuna utafiti mmoja nitakusimulia kwa kuwa unanigusa kila nikiukumbuka. Mwaka 2001 madaktari wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Njia zote mbili ziliwashusha hadi karibu pumzi sita kwa dakika, na mapigo ya mioyo yao yakafuata mwendo huo kwa namna inayofanana. Haina maana kwamba dini zote ni moja, wala mimi sisemi hivyo. Ina maana mwili unaitika kwa mwendo wa pumzi. Wewe umesoma chuoni tangu utotoni. Unajua tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, inavyomfundisha msomaji kurefusha sauti penye madi na kutua pale pa kutua, hewa ikitoka polepole aya nzima. Unajua uradi baada ya swala unaosomwa bila haraka. Sitaki ugeuze uradi kuwa dawa ya presha, hiyo ingekuwa kuukosea heshima. Nakutajia tu ili ujue kwamba huenda ulicholeta kutoka Chennai si kigeni kwako kama kinavyoonekana na wifi, na si cha Chennai peke yake.

Shehe akija Ijumaa, unaweza kumpokea kwa njia mbili. Unaweza kukaa kimya usomewe, aondoke, na swali lako libaki nawe. Au unaweza, baada ya kisomo, kumwomba nafasi mbele ya mumeo umweleze hasa unachofanya: naketi, navuta hewa kwa pua, naiachia, sitamki kitu, nia yangu ni kutuliza moyo, na zahanati wanajua. Mwulize hilo, usimuulize "yoga", maana neno hilo ni pana mno na jibu litakuwa pana vilevile. Huenda akaruhusu. Huenda akasema uache, na hapo utakuwa na jambo zito la kupima. Hatari ninayoiona ni moja, nayo ni mtu yeyote, awe shehe, mwalimu wa yoga au jirani, kukuambia kisomo au pumzi imechukua mahali pa vidonge. Hapo ningekuomba ushikilie msimamo.

Njia ya siri naielewa, na usiku wa jana naweza kuhisi ulivyokuvuta. Lakini fikiria utakavyopumua ukisikiliza hatua za mtu mlangoni. Stoo ile ilikutuliza wakati haikuwa siri ya kukatazwa, ilikuwa faragha tu. Sasa utaingia na roho juu juu, na binti yako, ambaye tayari amekuona ukiwa chini, atalazimika kuchagua aseme au anyamaze. Kwa upande mwingine, kuacha kabisa ili nyumba itulie nako kuna gharama yake, umeionja. Sikuambii ipi ni sahihi. Nakuomba tu usiamini kwamba ni hizo mbili pekee.

Maana nina shaka na jambo moja katika barua yako. Umemweka mumeo upande wa wanaokupinga. Je, ndivyo alivyo? Huyu ni mtu aliyekubeba kwenye bajaji mara tatu akidhani anakupoteza. Miezi ikapita ukawa unapona, na hakuambiwa kwa nini. Kisha siku moja anaambiwa mkewe ameanguka stoo, vidole vimekunjamana, simu inasema maneno asiyoyajua. Kimya chake chaweza kuwa hasira. Chaweza pia kuwa woga wa mtu asiyejua aulize wapi. Umewahi kumwonyesha? Simaanishi kumhubiria faida zake. Namaanisha kukaa naye sebuleni, taa imewaka, mlango uko wazi, umwambie "baba, keti, vuta nami kumi hizi," aone jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Anaweza kukataa. Hata akikataa atakuwa amekataa alichokiona, na si alichosimuliwa na dada yake. Na ningemwambia pia habari ya vidonge. Itamkasirisha, najua, lakini kuna mambo mke mwenye presha hapaswi kuyabeba peke yake.

Ukiendelea, kwa ruhusa utakayoipata na baada ya zahanati, basi iwe ile ya bibi tu. Keti kwenye kiti, sio juu ya gunia, karibu na ukuta. Pua, bila nguvu, tumbo lipande lenyewe. Nne kuvuta, sita kuachia, na kama sita ni ndefu basi tatu na nne, hakuna shindano. Ukibadilisha matundu, kidole gumba kiwe upande wa kulia na cha pete upande wa kushoto, usibane sana, na uache siku una mafua. Usizuie hewa hata kidogo. Kizunguzungu kikija, acha, pumua unavyojua, tazama kitu kilicho mbele yako. Kuna watu ambao kuisikiliza pumzi huwazidishia hofu, hasa hali inapokuwa imeshaanza. Kama jana usiku ilikuwa hivyo, fungua macho, weka nyayo sakafuni, zungumza na mtu, na pumzi itafuata. Na mashambulio yenyewe yana matibabu. Waambie zahanati kwamba yamerudi, uombe wakupeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hilo si la wenye wazimu, ni la mtu aliyepatwa.

Limebaki moja, na nimesita kuligusa. Vidonge umeviandikia, wifi umemwandikia, video umeieleza hadi mizunguko. Kuhusu mdogo wako umeandika sentensi mbili, na ya pili inasema alikuwa anakuletea simu yako. Mwanangu, hiyo sentensi umeitembea nayo peke yako kwa miaka miwili? Kuna aliyewahi kukusikia ukiisema kwa sauti? Pumzi hutuliza kifua, na ni neema. Ila sijui kama inaweza kulia kwa niaba yako, au kumwambia mama yako, ambaye naye labda ana sentensi yake kuhusu simu ile, maana huenda yeye ndiye aliyempa aibebe.

Baada ya siku saba za daftari, niandikie namba ulizopata. Na ukiandika, usiniandikie namba tu. Niambie mdogo wako alikuwa mtu wa namna gani, na alikuwa akikuitaje.